Shimo Lisilolala Peke Yake

Watu wa Kiogoro walikuwa na namna mbili za kumtaja Bochaberi binti Ombui. Wa kanisani walimwita yule wa shimo. Wazee wa pombe, ambao hawakuwa na kanisa la kuwafukuza, walimwita yule wa Sabato. Mwenyewe aliyasikia majina yote mawili na akayaitikia yote mawili, jambo lililowaudhi watu wa pande zote. Mtu mwenye adabu angechagua moja.

Lakini Bochaberi hakuzaliwa na adabu ya aina hiyo. Alizaliwa katika boma la Mzee Ombui, mpigaji wa shimo, na kwa kuwa mzee alijaliwa mabinti watupu, shimo lilimwangukia yeye. Kwa wanaodhani kwamba muziki ni kitu cha kuchomekwa kwenye umeme, shimo lilikuwa hivi: unachimba ardhini kina cha goti, jembamba mdomoni na pana tumboni kama mtungi. Unawamba ngozi ya mbuzi juu yake na kuikaza kwa vigingi. Katikati ya ngozi unatoboa tundu, na juu ya tundu unavuta uzi mmoja uliosokotwa kwa kano za ng'ombe. Mkono mmoja unapiga uzi kwa kijiti, mkono wa pili unaubana na kuuachia. Basi. Kazi iliyobaki inafanywa na ardhi yenyewe. Sauti yake haianzii masikioni. Inapanda kwa nyayo, inafika magotini, na ikishafika tumboni umekwisha kusahau ulikuwa ukienda wapi.

Mzee Ombui alimwachia binti yake ngozi, kijiti, na sheria moja. "Shimo likifunguliwa lipigwe," alimwambia, "na likishapigwa lifukiwe kwa udongo wake uleule. Na kama usiku umelikuta wazi, lisilale peke yake." Sababu kila Mgusii aliijua bila kuelezwa. Shimo lililoachwa wazi usiku karibu na watu linafanana mno na lile lingine, na linaweza kudhani limechimbiwa mtu.

Mzee alipofariki, mwaka mmoja baada ya uhuru, Bochaberi alichimba karibu na mlango wa nyumba yake akampigia kuanzia asubuhi hadi alipozikwa. Mzee mwenyewe alikuwa amemwomba. Akalia huku akipiga, akapiga huku akilia, kisha akafukia. Sabato iliyofuata, jina lake likasomwa kanisani.

Hapo lazima ieleweke kwamba Bochaberi alikuwa Msabato wa kuzaliwa kwa mama, aliyebatizwa mtoni angali msichana, na aliyeijua Shule ya Sabato kama alivyojua njia ya kwenda kisimani. Mzee wa kanisa, Obadiah Machogu, alisimama na sauti yake nzito akasema kwamba dada yetu amerudia mambo ya giza, na kwamba asipoyaacha hataweza kuhesabiwa nasi. Bochaberi akaulizwa kama anayaacha. Akasema alikuwa akimzika baba yake, na kwamba giza aliloliona siku hiyo halikutoka shimoni. Wakainua mikono, wakamwondoa katika ushirika.

Walidhani atakaa nyumbani. Sabato iliyofuata alikuwapo, amevaa gauni lake la bluu, ameketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Na iliyofuata. Na ya mvua, na ya njaa, na ile ambayo mchungaji mwenyewe alishindwa kufika kwa sababu ya matope. Hakuna sheria inayomzuia mtu kuketi kwenye benchi. Aliimba kwa sauti kubwa kuliko wale ambao majina yao yalikuwa katika kitabu cha kanisa, na wengi waliamini kwamba aliimba hivyo kusudi. Waliamini sawasawa.

Ila kulikuwa na siku moja iliyomvunja. Kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, Wasabato huoshana miguu wawili wawili, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Tangu usichana wao, Bochaberi aliosha miguu ya Persis, na Persis akaosha yake. Persis huyu ndiye aliyekuja kuolewa na Obadiah, na hata baada ya kuwa mke wa mzee wa kanisa alimtafuta Bochaberi kila robo na beseni mkononi. Wawili hao walijuana hadi vidole. Lakini aliyeondolewa katika ushirika hana wa kumwosha. Siku hizo Bochaberi alibaki peke yake kanisani, viatu miguuni, akisikiliza maji yakimwagika nyuma ya ukuta na wanawake wakisemezana kwa sauti za chini. Jina kufutwa halikumuuma kama yale maji. Aliyataka, na hakuona aibu kuyataka, na alijua kabisa yanauzwa kwa bei gani.

Kila mwaka Obadiah alimfuata nje baada ya ibada. Hakuwa mtu mbaya, Obadiah. Alikuwa mtu aliyenyooka sana, na mtu aliyenyooka sana hawezi kuona kilicho kando yake.

"Dada Bochaberi, acha lile shimo, urudi. Mshika mawili moja humponyoka."

"Hilo ni la mwenye mkono mmoja," Bochaberi alimjibu. "Mimi nilipewa miwili, na shimo lenyewe halipigwi kwa mmoja."

Ikaenda hivyo miaka kumi. Mume wake akafa, chai aliyoipanda ikakomaa, watoto wakaolewa na kuoa. Siku za arusi na za matanga za wasio wa kanisa aliitwa kupiga, akapiga, akafukia. Siku za Sabato akaketi kwenye benchi lake. Kisha akaja Ondieki.

Ondieki alikuwa kijana wa Mosocho aliyesoma ng'ambo mambo ya michezo ya jukwaani, akarudi na ndevu. Serikali ilikuwa ikimalizia jumba jipya la sanaa Nairobi, jumba la kisasa kweli, na yeye alikuwa amepewa kazi ya kukusanya vikundi vya kila upande wa nchi kwa ajili ya siku ya kulifungua. Alifika Kiogoro na Peugeot nyeupe iliyogeuka nyekundu kwa vumbi, akaketi chini ya ukingo wa paa la Bochaberi, akasikiliza shimo. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji.

"Mama, nyanya yangu alikuwa akituambia kuhusu hii kitu. Nilifikiri ilikufa na wao."

"Ingekufa na nani, na mimi niko hapa?"

Akamweleza habari za jumba. Viti vyekundu vilivyopandiana kama ngazi hadi karibu na dari. Pazia linalofunguka lenyewe kwa mota. Taa zinazoweza kuigeuza asubuhi kuwa jioni. Mabalozi watakuwapo, na waziri atakuwa mgeni wa heshima. "Watu walituambia Abagusii hatuna kitu cha kuonyesha," Ondieki alisema. "Nataka wakusikie." Akataja tarehe. Bochaberi akasema atakuja.

Na hapo ndipo wote wawili walipokosea, kila mmoja kwa namna yake. Bochaberi hakuuliza siku, kwa maana katika maisha yake yote hakuwahi kuona Mgusii wa Kiogoro akipanga jambo la maana siku ya Sabato. Ingekuwa sawa na kupanga arusi katikati ya mto. Ondieki naye alikuwa Mkatoliki wa Mosocho, wa kengele na Jumapili, na alikuwa amekwisha kuambiwa sokoni kwamba huyu mama alifukuzwa na Wasabato. Akaona mtu aliyefukuzwa kanisani ameachiliwa na sheria zake. Tarehe ile ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri.

Bochaberi alilijua hilo Ijumaa asubuhi, akiwa tayari Nairobi, na ngozi yake imekunjwa ndani ya kikapu pamoja na Biblia, vigingi, kijiti na panga. Alikuwa amesimama katikati ya jukwaa. Sakafu ilikuwa ya mbao za mvule zilizong'arishwa hadi mtu akaona meno yake mwenyewe. Wachezaji wa pwani walikuwa wakijaribu ngoma zao upande mmoja, na juu kabisa fundi wa taa alikuwa akiliwasha na kulizima jua la bandia.

"Nichimbe wapi?" aliuliza.

Ondieki akacheka, akadhani ni mzaha. Akapiga makofi, na mafundi wawili wakaleta kasha la mbao lenye tundu juu, lililotengenezwa vizuri, limepakwa rangi ya udongo ili kutoka mbali lionekane ardhi. Ndani yake palikuwa na maikrofoni. "Ngozi utawamba hapa juu, mama. Sauti itatoka pande zote."

Bochaberi hakutaka kuambiwa kwamba hakujaribu. Akawamba, akakaza, akapiga. Ikatoka sauti ya mtu anayegonga debe kuita mbwa. Ikatoka pande zote, kama alivyoahidiwa.

"Hili ni sanduku," alisema.

"Leo tunazoea, mama. Kesho utalizoea."

"Kesho ipi?"

"Kesho Jumamosi. Kesho ndiyo siku yenyewe."

Mtu aliyekuwa karibu angedhani ameambiwa mtoto wake amekufa. Bochaberi aliketi juu ya lile kasha, kikapu mapajani. Hasira ilimpanda kwanza juu ya Ondieki, kisha juu yake mwenyewe, na ya kwake mwenyewe ikawa kali zaidi. Alipofungua kinywa hakuongea tena Kiswahili. Alimwambia Ondieki kwa Ekegusii, polepole, kwamba hajawahi kushika kazi siku ya Sabato tangu azaliwe, na hataanzia Nairobi.

Ondieki alimjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa wakubwa zake walikuwa wakisikiliza, na jambo hilo Bochaberi hakulisahau. "Lakini mama, hao watu si walikufukuza?"

"Walinifukuza kanisani. Sabato hawakuwa na uwezo wa kunifukuza, si yao."

Basi Ondieki akakuna ndevu, akapata akili. Walikuwa na mashine ya kunasa sauti. Apige leo, wamnase, halafu kesho aketi tu jukwaani na kijiti chake, mkono ukipanda na kushuka, sauti itoke kwenye mashine. Hatakuwa amefanya kazi yoyote. Alilisema kwa furaha ya mtu aliyeokoa ng'ombe mtoni.

"Kwa hiyo nisifanye kazi, ila nidanganye," Bochaberi alisema. "Mwanangu, ukoo wenu nilikuwa nikiuheshimu."

"Basi chagua, mama. Ukitaka hiyo Sabato yako rudi Kisii. Ukitaka kusikika, kesho saa kumi. Huwezi kushika yote mawili."

Ndevu zote hizo, na maneno ni yaleyale ya Obadiah. Bochaberi alikaribia kucheka. Akashuka jukwaani, akapita kati ya vile viti vyekundu, akatoka nje kwenye mwanga.

Mbele ya jumba palikuwa na bustani mpya. Nyasi zilikuwa zimepandwa kwa mkono, fupi, za kijani, na mtunza bustani, Mkamba mmoja mrefu, alikuwa akizinyunyizia maji kwa mpira. Bochaberi alivua viatu, akatembea juu yake akikanyaga kwa visigino, akisikiliza. Karibu na ngazi chini palikuwa na kokoto za wajenzi. Mbele kidogo, kando ya mti mdogo, udongo ulikuwa mwekundu na mzito, kama wa nyumbani. Akatoa panga.

"Mama, wewe," Mkamba alisema, akaacha mpira. "Unafanya nini na nyasi yangu?"

"Naazima."

"Hii nyasi tumepanda miezi tatu. Mkubwa akiona shimo hapa, mimi ndio nitafukuzwa."

Bochaberi alipiga magoti. Alikata mraba, akaingiza panga chini yake, akauinua mzima pamoja na mizizi na udongo wake kama mtu anayeinua chapati isikatike. Akauweka kivulini. "Mwagia hii maji isife," alimwambia. "Mimi nalima chai. Siui kitu yenye mizizi. Kesho ikifika jioni nitairudisha, na wewe ukiona alama uniite mwongo."

Mkamba aliutazama ule mraba, akaona mizizi imetoka salama. Hakusema ndiyo. Ila alichukua mpira akaumwagia maji.

Alichimba mchana kutwa, udongo akauweka kwenye gunia moja, usipungue. Jua lilipokaribia kuzama Ijumaa na Sabato kuingia, ngozi ilikuwa imekwisha wambwa na uzi umekwisha vutwa. Kisha akajifunga shuka, akaketi kando ya shimo, akafungua Biblia. Askari wa lango alipokuja kumwondoa, akidhani amelewa, alimwambia: "Mimi ni mlinzi kama wewe. Hili shimo haliwezi kulala peke yake." Askari akauliza kama limeibiwa siku za nyuma. Akamjibu kwamba shimo haliibiwi, linaiba. Askari akarudi langoni na hakuja tena.

Kwa hiyo wageni wa heshima walipofika Jumamosi alasiri, jambo la kwanza waliloliona mbele ya jumba la kisasa lililogharimu kodi ya nchi nzima lilikuwa mama wa Kikisii aliyefunga kitambaa kichwani, ameketi kwenye nyasi kando ya shimo, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Magari yakasimama. Waziri akauliza ni nini. Ondieki, ndani ya suti, jasho likimtoka, akasema ni maonyesho.

"Basi atuonyeshe."

Ondieki akaja, akachuchumaa mbele yake, na safari hii alisema kwa Ekegusii. "Omong'ina, mama mzee, nakuomba. Kidogo tu. Kazi yangu iko hapa, na jina la kwetu."

Bochaberi alimwonea huruma, na lazima isemwe kwamba huruma hiyo ilikuwa nzito kuliko hasira yote ya jana. Alikuwa mtoto wa watu, na alikuwa amelia aliposikia shimo. Waziri alikuwa amesimama pale, viatu vyake viking'aa, na mabalozi nyuma yake. Kupiga mara moja tu. Nani Kiogoro angejua?

"Jua likizama," alisema. "Likiwa juu, hata rais wa dunia akija, sipigi. Waambie wanisubiri, au waambie waende. Vyote viwili ni sawa kwangu."

Havikuwa sawa. Waziri aliangalia saa, akacheka kama wakubwa wanavyocheka mbele ya wapiga picha, akaingia ndani. Milango ya vioo ikafungwa. Kutoka humo Bochaberi alisikia ngoma za pwani, makofi, marimba ya watu wengine, makofi tena. Kijana mmoja wa redio alitoka, akamuuliza jina na kwa nini hapigi. Akamweleza, kwa kuwa kueleza si kazi.

Shughuli ilikwisha jua likiwa bado juu ya mapaa. Waziri alitoka na msafara wake, akaingia garini, akaenda zake bila kugeuza shingo. Mabalozi wakamfuata. Bochaberi aliyatazama magari yakiisha langoni moja baada ya jingine, akauma mdomo, asiinue kijiti. Alikuwa ametoka Kiogoro ili asikiwe na hao, na hao walikuwa wamekwenda.

Mwanga wa njano ulipoondoka kwenye ghorofa la mwisho la mji, ndipo alipoinua kichwa. Waliokuwa wamebaki ni madereva wachache, wapishi, wachezaji wa pwani wakisubiri basi lao, mafundi wa taa, wageni ambao hawakuwa na haraka, askari wa lango, na Mkamba na mpira wake.

"Vueni viatu," aliwaambia.

Wengine wakatazamana. Mkamba alikuwa wa kwanza. Halafu wachezaji, halafu mama mmoja mgeni aliyevaa lulu, akishikilia bega la dereva wake. Bochaberi akapiga.

Alimpigia baba yake kwanza, kama inavyopasa. Nyasi zikatetemeka. Waliosimama karibu waliangalia miguu yao, kisha wakaacha kuangalia, na wachezaji wa pwani, ambao hawakujua hata neno moja la Ekegusii, wakaanza kuyumba bila kuambizana. Ondieki peke yake alibaki juu ya ngazi za saruji na viatu vyake, mahali ambapo shimo linasikika kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Bochaberi alimwona, akamwachia ngazi zake. Akapiga hadi nyuso zilipoanza kutoonekana, akakata wimbo katikati kwa kuwa usiku hausubiri kibwagizo, akang'oa vigingi, akamwaga udongo wote wa gunia, akaushindilia kwa miguu mitupu. Mkamba akaleta mraba wa nyasi, wakauweka pamoja. Akapapasa pembe zote, akatafuta alama, hakuiona.

Nyumbani habari ilimtangulia. Kijana wa redio alikuwa ameisoma katika taarifa ya Kiswahili, akiifanya kichekesho kidogo: mama kutoka Kisii amkatalia waziri kwa sababu ya Sabato. Kiogoro hawakuona kichekesho. Bochaberi hajamaliza kuchuma chai ya wiki iliyompita, akamwona Obadiah anapanda njia na wazee wenzake wawili, wamevaa makoti siku ya kazi.

Walikaribishwa, wakapewa chai. Obadiah alisafisha koo. "Dada, umeishuhudia Sabato mbele ya wakubwa wa nchi. Sisi wenyewe hatujui kama tungeweza. Baraza limekaa. Robo hii tunataka uwe nasi mezani." Akasafisha koo tena, na Bochaberi akajua kinachokuja kabla hakijafika. "Ila lile shimo sasa uliache. Umekwisha shinda, huna haja nalo."

Moyo wake ulikuwa umeruka aliposikia neno meza. Aliyasikia yale maji nyuma ya ukuta, karibu kabisa. Akaweka kikombe chini.

"Mzee, nilipoishika hiyo Sabato mliyoisikia redioni, nilikuwa nimeketi kando ya nini?"

Obadiah aliwageukia wenzake. Mmoja wa wazee akajibu kwa niaba yake. "Kando ya shimo."

"Basi huyo mnayemsifu ndiye huyohuyo mnayemkataa. Kaeni tena, mchague. Mimi nimemaliza kuchagua siku nyingi."

"Tutashindwa kukuandika," Obadiah alisema, na alisema kwa huzuni ya kweli.

"Nitakaa kwenye benchi langu. Chai yako inapoa."

Robo ikafika. Bochaberi alikuwa amepiga matangani siku mbili kabla, upande wa Masimba, na mvua ilikuwa imenyesha. Alivaa gauni la bluu na raba zake, akaketi karibu na mlango. Wanaume wakatoka, wanawake wakatoka, kanisa likabaki tupu, isipokuwa yeye na Obadiah, ambaye alikuwa mbele akitandika kitambaa cheupe juu ya meza. Nyuma ya ukuta maji yakaanza. Bochaberi alikazia macho mgongo wa benchi lililokuwa mbele yake, kama alivyofanya miaka kumi.

Kisha mlango ukatiwa kivuli. Persis aliingia na beseni limejaa, taulo begani, akitembea kwa uangalifu yasimwagike. Nje, Drusilla, mke wa shemasi, ambaye ndiye aliyekuwa akioshana naye siku hizi, alisikika akiuliza Persis ameenda wapi na maji. Persis aliweka beseni sakafuni mbele ya benchi la mwisho, akapiga magoti. Magoti yake hayakuwa ya usichana tena, na yalilia.

"Mama," Obadiah alisema kutoka mbele, kitambaa mikononi. "Huyo jina lake halimo kitabuni."

"Sikuja kuosha kitabu," Persis alisema bila kugeuka. "Vua viatu, Bochaberi."

Bochaberi alizivua raba, vidole vyake vikigombana na kamba. Persis aliushika mguu wa kulia, akauinua kwenye mwanga wa mlango, akautazama kama mtu anayeangalia mali yake iliyokaa kwa jirani.

"Una udongo wa shimo kwenye kucha."

"Ninao."

"Mwingi."

"Ulidhani maji yameletwa kwa nini?"

Persis akautia mguu ndani ya beseni. Maji yalikuwa ya baridi, ya kisimani, na yakageuka mekundu mara moja. Aliosha wa kulia, akaosha wa kushoto, akapitisha kidole kati ya kila kidole kama zamani, akafuta kwa taulo. Obadiah alikuwa amesimama palepale na kitambaa chake. Bochaberi aliinuka miguu mitupu, akabeba beseni, akamwaga yale maji mekundu nje ya mlango, akaenda kuteka mengine, maana miguu ya Persis nayo ilikuwa inangoja.